Bidoni ya Maji Yatufundisha Fizikia

Kila alfajiri, katika vilima vya Bukavu, tunawaona akina mama na watoto wakipanda na bidoni za maji mgongoni. Husema: «Ni kazi ngumu.» Wataalamu wa fizikia nao huiita kazi, ila wao huipima.

Kwao, kazi hufanyika pale nguvu inaposogeza kitu. Chukueni bidoni ya litri 20. Maji yake yana kilo 20, na kuyainua kwahitaji nguvu ya niutoni karibu 200. Kisima kikiwa mita 50 chini ya nyumba, zidisheni 200 kwa 50: mtapata jouli 10 000. Lakini mama mwenye kilo 60 hupandisha na mwili wake pia; kwa hiyo kazi yote ni jouli 40 000.

Nguvu za kupanda hivyo zatoka wapi? Zatoka katika ugali na maharagwe aliyokula jana, na mimea hiyo iliishi kwa mwanga wa jua. Akiba hiyo ya kufanya kazi huitwa nishati. Mwanadamu haiumbi wala haiangamizi, huigeuza tu. Katika miaka ya 1840, Mwingereza James Joule, mwana wa mtengeneza pombe, alishusha uzito uliozungusha makasia madogo ndani ya maji, na maji yakapata joto. Kazi imekuwa joto, wala haikupotea. Sisi waamini hatushangai: kuumba ni kwa Mungu peke yake.

Neno la tatu ni uwezo, yaani wepesi wa kutimiza kazi. Mama akipanda kwa dakika 10, uwezo wake ni wati karibu 67. Mwingine mwenye uzito uleule akipanda kwa dakika 5, kazi ni ileile, bali uwezo ni mara mbili. Kipimo hicho chakumbusha jina la James Watt, Mskoti aliyelinganisha mashini zake za mvuke na farasi, ili wanunuzi waelewe.

Sasa tazameni mto Ruzizi. Jua huyapandisha maji kama mvuke, mvua huyarudisha milimani, nayo hukusanyika katika ziwa Kivu, mita 1460 juu ya bahari. Kutoka huko hushuka karibu mita 690 hata kufika Tanganyika. Mitambo ya Ruzizi, wa kwanza tangu mwisho wa miaka ya 1950, wa pili tangu 1989, hugeuza sehemu ya mshuko huo kuwa umeme. Pampu ya wati 1000, hata ikipoteza nusu ya nishati yake, ingepandisha maji ya bidoni ile kwa sekunde 20.

Lakini nyumba nyingi hazina pampu. Msichana apandaye mara tatu kabla ya jua kuchomoza amekwisha tumia nishati yake bado hajafika darasani. Kisha tunamlaumu kwamba asinzia. Enyi akina baba, nanyi wavulana, fanyeni hesabu hii nyumbani. Watu watatu wakipanda mara moja moja, kazi yote haipungui, lakini hakuna anayeibeba peke yake.