Tunza Rivasi ya Katapila

Trekta la minyororo wengi huliita katapila. Hung'oa visiki na kufungua barabara. Lakini katapila lisiloweza kurudi nyuma ni mzigo. Likifika ukingoni mwa korongo, litatokaje?

Nachingwea inazijua mashine hizi tangu zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Mashamba yalifunguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika vitani. Mengi yaliharibika mapema. Spea zilikuwa adimu na mafundi wachache. Ukame na udongo mgumu navyo vilileta hasara. Mwaka 1951 mpango ulifungwa. Fundisho ni hili: mashine bila matunzo ni chuma tu.

Je, kikundi chenu, Nachingwea au Ruangwa, kina katapila la zamani? Basi soma hapa.

RIVASI HUFANYAJE KAZI?

Baadhi ya makatapila ya zamani yana mikono miwili. Mmoja ni wa kuchagua gia. Wa pili ni wa kwenda mbele au nyuma. Mkono huo husogeza gia ndani ya giaboksi. Meno yakishikana, minyororo huzunguka kinyume.

Adui wa kwanza ni haraka. Dereva akiweka rivasi katapila likiwa bado linakwenda mbele, meno hugongana. Leo yatalika kidogo, kesho yatakatika. Kwa hiyo kata klachi. Subiri katapila lisimame kabisa. Ndipo uweke rivasi.

MATUNZO

1. Pima oili ya giaboksi kila siku kabla ya kazi. Tumia aina iliyoandikwa katika kitabu cha mashine.
2. Futa vumbi kabla ya kufungua kifuniko cha oili. Mchanga hula gia.
3. Kaza nati na angalia pini za mkono wa rivasi.

IKIHARIBIKA

Rivasi ikichomoka yenyewe au ikilia, simamisha kazi. Teremsha bledi chini, zima injini, weka vigingi kwenye minyororo. Kwanza kagua mkono na pini zake. Huenda vimelegea tu, na kuvirekebisha si gharama kubwa.

Kama mkono ni mzima, mwageni oili katika chombo safi. Mkiona vipande vya chuma, meno yamekatika. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Kufungua giaboksi ni kazi ya fundi. Andikeni namba ya mashine, na mchukue gia ya zamani kama mfano mnapotafuta spea. Mwambieni fundi akague pia gia inayoshikana nayo na beringi zake. Gia mpya ikikutana na gia iliyolika, nayo italika upesi.

Chagueni mtu mmoja wa kupima oili na kuandika kila siku. Fanyeni matengenezo wakati wa kiangazi. Mvua haimsubiri fundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.