Usikate Tiketi Kabla ya Damu ya Paka

Mpwa wangu alinipigia simu usiku baada ya Isha. Viza ya kumfuata mumewe Ujerumani imetoka, tiketi ameshakata, safari ni wiki tatu zijazo. "Sasa mjomba, na Shamsi je?" Shamsi ni paka wake, alimwokota gengeni akiwa mchanga akamlea. Alidhani atanunua kikapu, amtie, wapande ndege. Nikamwambia haiwezekani, hata angekuwa na pesa za kumwaga.

Vijana wetu wengi wa Pwani wanahamia Ulaya, na masharti haya huyajua wakiwa wameshachelewa. Kinachoogopwa ni kichaa cha mbwa, maradhi ambayo paka pia huyapata na binadamu humuua. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi zilizolegezewa masharti, na Kenya haimo. Basi mnyama atokaye kwetu hupitia hatua hizi, tena kwa mpangilio.

Kwanza ni chipu, kidude mfano wa punje ya mchele ambacho daktari wa mifugo hukidunga chini ya ngozi. Kina nambari ya tarakimu 15. Pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, mnyama akiwa ametimiza wiki 12. Chanjo ikitangulia chipu haihesabiwi, hata kama kadi unayo. Hapo ndipo Shamsi alipokwama: alikuwa amechanjwa, lakini chipu hana.

Tatu, zikipita siku 30 baada ya chanjo, hutolewa damu ikapimwe kinga katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Kinga isipungue uniti 0.5 kwa mililita. Nne ni kungoja miezi mitatu, na hesabu huanza siku damu ilipotolewa. Mwisho, safari ikikaribia, daktari wa mifugo wa serikali hutia muhuri cheti cha afya, na ukishakipata una siku 10 za kufika mpakani.

Jumlisha mwenyewe: asiye na chipu leo ana miezi minne mbele yake. Na chanjo isiachwe ipitwe na muda, la sivyo unaanza upya.

Kuna waliomshauri mpwa wangu atafute cheti cha mkato. Nilimkataza. Mnyama akifika na karatasi zisizo sawa hurudishwa alikotoka au huwekwa karantini kwa gharama za mwenyewe, na ikishindikana yote mawili anaweza kuuawa.

Pia usidhani utatangulia wewe, paka atumwe baadaye unapotaka. Mnyama asafiri nawe, au ndani ya siku tano kabla au baada ya safari yako. Zikizidi, huhesabiwa wa biashara, na masharti huongezeka.

Mpwa wangu ameondoka. Shamsi yuko kwa dada yangu, ametiwa chipu na kuchanjwa upya, anangoja kutolewa damu. Mwenyewe akija likizo, inshallah watarudi pamoja.

Sote tumesikia madrasa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Mnyama uliyemfuga ni amana. Ukianza kushughulikia viza yako, siku hiyo hiyo mpeleke naye kwa daktari, au mtafutie mapema nyumba itakayomlisha.