Kwa nini Benki Kuu ya Kenya inafuatilia mabadiliko ya tabianchi
Mnamo Oktoba 2021, Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo unaozitaka benki za biashara kupima na kudhibiti hatari zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi. Huenda mwananchi akajiuliza: ukame unaihusu vipi taasisi ya fedha?

Ukame hupandisha bei ya vyakula, nayo mafuriko huharibu majengo yaliyowekwa rehani. Mikopo isipolipwa, akiba za wateja huwa hatarini.

Hata hivyo, Kifungu cha 231 cha Katiba kinaipa Benki Kuu jukumu la sera ya fedha, uthabiti wa bei na utoaji wa sarafu. Uamuzi kuhusu misitu au viwanda ni wa Serikali na Bunge. Mpaka huo ukiheshimiwa, imani ya wananchi hudumu.