Vya Kwanza na Vya Pekee: Busia na Malaba

Neno lililosafiri mbali kuliko watu wake ni bodaboda. Tangu miaka ya 1960 vijana wa baiskeli hapa Busia walibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, wakinadi "boda, boda". Leo neno hilo ni la kila mtu, toka Juba hadi Dar es Salaam.

Safari fupi kuliko zote ya ukimbizi nayo ni yetu. Januari 2008, katika fujo za baada ya uchaguzi, nyumba zilipokuwa zikichomwa Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya, Wakenya wapatao 12,000 waliingia Uganda, wengi wao kupitia mipaka hii miwili. Ukishafika Malaba, ni kuvuka daraja tu. Upande huu ulikuwa raia, upande ule ni mkimbizi. Tena, hadi 1902 pande zote mbili zilikuwa ndani ya Uganda, na mpaka ulipohamishwa Wateso na Wasamia wakabaki na ndugu kuwili.

Waliovuka walipewa pa kulala shuleni, kisha wakapelekwa Mulanda, wilayani Tororo. Mwezi huohuo malori ya mafuta yalikuwa yamekwama Kenya na Kampala ilikuwa haina petroli. Waganda waliumizwa na fujo zetu, na bado walitufungulia mlango. Hilo silisahau. Ambao hawakuthubutu kurudi walihamishiwa makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, kando ya barabara ya Gulu, na vita vya Sudan Kusini vilipozuka Desemba 2013, wageni wapya walikuta Wakenya wameshatangulia.

Utaratibu uliowapokea ni wa mithali inayojulikana: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea atakako, na katika makazi hupewa kiwanja. Ndiyo nchi yenye wakimbizi wengi kuliko zote Afrika, zaidi ya milioni 1.7.

Majirani hawa wawili, Kenya na Uganda, wamewahi kushika, kwa zamu, rekodi ya kambi au makazi makubwa kuliko yote duniani. Dadaab ya Kenya ilifika karibu watu nusu milioni mwaka 2011, ilhali kambi zake za Ifo, Hagadera na Dagahaley zilijengewa watu 90,000. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Bidibidi ya Uganda, na zaidi ya watu 270,000. Tofauti ni kwamba wa Dadaab alihitaji kibali kutoka nje ya kambi, na wa Bidibidi alipanda basi.

Rekodi ninayoionea haya ni ya 1972. Idi Amin alipowafukuza Waasia, Kenya iliwafungia mpaka: ruhusa ilikuwa kupita moja kwa moja hadi Mombasa kupanda meli. Lakini Kenya hiyohiyo iliwapokea Waganda wengine waliomkimbia Amin. Wengi wao waliingia madarasani, na kuna Wakenya wa rika langu waliofundishwa hesabu na fizikia na mwalimu Mganda. Mshairi wao Okot p'Bitek, aliyekuwa uhamishoni tangu enzi ya Obote, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Zawadi kubwa kuliko zote ni ya Tanzania: mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa wimbi la wakimbizi la 1972 na watoto wao.

Kenya imechelewa kujifunza, lakini inajifunza. Kalobeyei, Turkana, ilianza 2016 ili wenyeji na wageni watumie shule na zahanati zilezile. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuiacha hadhi ya ukimbizi na kuishi kwa haki za Jumuiya. Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kawaida.

Kinachonisumbua ni saa tuliyochagua kumwiga jirani. Mwezi wa Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kuwa watu milioni moja nchini Uganda wamekatiwa chakula, kwa kukosa fedha. Na kiwanja anachopewa mgeni siku hizi katika makazi mengi ni mita 30 kwa 30. Humo inaingia nyumba, choo na bustani ya mboga, na jembe limemaliza kazi yake asubuhi moja.