Kabla ubandike klipu, soma jina la chipu

Laptopu inawaka taa, feni inazunguka, lakini skrini ni giza tupu. Wengi hukimbilia kulaumu RAM. Kumbe wakati mwingine ni BIOS iliyoharibika, labda stima ilipotea ikisasishwa. Dawa ipo: kuiandika upya moja kwa moja kwa chipu, ukitumia kifaa kama CH341A. Shida ni kwamba kwa madabodi kuna vidude kadhaa vyeusi vya miguu minane, vyote kama mapacha.

Usiangalie umbo, soma maandishi. Mulika tochi kutoka kando, piga picha na simu, kisha ikuze. Chipu ya BIOS kwa kawaida huwa na 25 kwa jina: W25Q ni ya Winbond, MX25L ya Macronix, GD25 ya GigaDevice. Kwa Winbond, nambari inayofuata kwa kawaida ni ukubwa kwa megabiti. Gawanya kwa 8 upate megabaiti: W25Q64 ni MB 8, W25Q128 ni MB 16. Faili yako isipolingana na ukubwa huo, simama hapo hapo.

Lakini usishangilie mapema. ThinkPad X230 ya 2012 ina chipu mbili, ya MB 8 na ya MB 4. BIOS yenyewe inakaa kwa ile ndogo. Ukichanganya, utaharibu hata iliyokuwa nzima.

Herufi za mwisho nazo si mapambo. W25Q64FV hutumia volti 3.3, W25Q64FW ni volti 1.8 tu. Ukiipa hiyo ya pili umeme wa ya kwanza, unaweza kuichoma kabisa.

Ukishajua chipu, toa chaja na betri. Tafuta kidoti kinachoonyesha mguu wa kwanza, ukilinganishe na waya mwekundu wa klipu. Isome mara mbili. Nakala zikitofautiana, klipu haijashika vizuri. Zikifanana, zihifadhi kabla ya kufuta chochote. Humo mna nambari ya mashine, na mara nyingi ufunguo wa Windows kwa laptopu zilizokuja na Windows 8 kuendelea.

Na kama ni fundi anakufanyia, muulize mawili tu kabla aanze: "Boss, hiyo chipu inaitwaje? Nakala ya zamani umeiweka wapi?" Akianza kuzunguka mbuyu, chukua mashine yako uende. Assignment zako na kazi zako za mtandaoni zinategemea hiyo laptopu, si yake.