Cheo cha Mtemi wa Wazanaki

Neno mtemi limeingia katika Kiswahili kutoka katika lugha za Kisukuma na Kinyamwezi, na asili yake ni kitenzi kutema, yaani kukata. Wako wasemao kuwa mtemi ni yule aliyefyeka msitu wa kwanza, na wako wasemao kuwa ni yule akataye mashauri. Maana zote mbili hutaka awepo mtawala mmoja mwenye nchi. Neno hilo lilipofika Butiama, katika nchi ya Wazanaki, lilikuta watu wasiokuwa na mtawala wa namna hiyo.

Kabla ya ukoloni mambo ya Wazanaki yaliamuliwa na wazee pamoja na marika, na waganga wa mvua waliheshimiwa sana. Jirani zao Waikizu, ambao nchi yao leo imo katika Wilaya ya Bunda, walikuwa na desturi nyingine. Mapokeo yao husimulia kuwa utemi wao ulitokana na Nyakinywa, mwanamke mwenye uganga wa mvua aliyetoka Kanadi, Usukuma. Hivyo kwa Waikizu cheo kilitangulia serikali ya kigeni. Kwa Wazanaki serikali hiyo ndiyo iliyotangulia cheo.

Mwaka 1915 Wajerumani walimweka Nyerere Burito kuwa mtawala wa Wazanaki. Yeye alizaliwa mwaka 1860, wakati viwavi walipoivamia nchi, naye akaitwa Nyerere, maana yake kiwavi. Waingereza walimthibitisha, na kwa sheria ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, watawala wa jadi wakafanywa sehemu ya serikali, chini ya mabwana wilaya kama yule wa Musoma. Burito alipofariki mwaka 1942, mwanawe Edward Wanzagi alishika mahali pake. Basi cheo kilichotolewa na serikali kikawa urithi wa nyumba.

Urithi huo haukudumu. Mwana mwingine wa Burito, Julius Kambarage, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa Rais wa Tanganyika tangu Desemba 1962. Na mwaka 1963 serikali yake iliifuta sheria iliyowapa machifu madaraka. Nyumba yake mwenyewe haikuachwa.

Katika ukoo wa Butiama jina la chifu limeendelea kutumika kwa heshima ya mila, bila mamlaka ya kisheria. Kwa hiyo mtunga kamusi asitosheke kuandika kuwa mtemi ni mtawala wa jadi. Akifanya hivyo, msomaji wa hati za kikoloni atadhani Wazanaki walikuwa na ufalme wa kale, na wale wazee na marika waliotawala kabla ya mwaka 1915 watasahauliwa kwa sababu ya neno moja.