Mzee Havutwi Mkono

Katika nyumba zetu nyingi yupo mzee ambaye hawezi tena kuondoka kitandani peke yake. Wapo waliopatwa na kiharusi, wapo waliolemazwa magoti na baridi yabisi, na wapo wasiokuwa na maradhi ya kutajika ila miaka imewaelemea. Alhamdulillahi, Waislamu wengi hawajaiacha ada ya kukaa na wazee wao nyumbani, wala hatukukusudia hapa kumkumbusha msomaji haki ya wazazi, ambayo ameisikia tangu chuoni. Tunalotaka kulisema ni dogo kuliko hilo, na kwa udogo wake aghalabu halisemwi: namna ya kumwondoa mzee kitandani asubuhi bila ya kumuumiza.

Twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Ami yetu alipooza upande wa kushoto. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali tulikuwa tukimwinua kila alfajiri sisi vijana wawili, huyu kashika mkono wa kulia na huyu wa kushoto, tukasema "Bismillahi" na kumvuta kwa mara moja mpaka akaketi. Tuliona twafanya vyema kwa kuwa twafanya upesi, naye hakupata kusema neno. Baada ya miezi kama miwili akaanza kukataa kuamka. "Niacheni nilale," alisema, nasi tukanong'onezana kwamba uzee umemshinda. Siku moja akaja mgeni wa mama, mwanamke muuguzi, akasimama mlangoni akatutazama katika kazi yetu ile. Hakutusemesha sisi. Alimwuliza ami, "Baba, bega lauma?" Ami akajibu, "Lauma sana, mwanangu, lakini watoto hawa wajitahidi, sipendi kuwavunja moyo."

Katika sura ya 17, aya ya 23, mtoto amekatazwa hata kuguna mbele ya mzazi aliyefikia uzee. Sisi hatukuguna, ni kweli. Walakini tulimfikisha mzee wetu mahali pa kujizuia asigune yeye.

Sababu ya maumivu yale si ngumu kuifahamu. Mfupa wa mkono umeshikiliwa begani na misuli. Mtu akipooza, misuli ya upande ule hulegea, na ukiuvuta mkono kiungo hutaka kuachana. Hata kwa mzee asiyepooza, ngozi imekuwa nyembamba na mifupa myepesi, na kumwinua kwa kumtia mikono makwapani ni kosa lile lile kwa sura nyingine. Lakini kumwacha alale, kama ami alivyotaka, si huruma pia. Mtu asiyeondoka kitandani misuli yake hupungua kwa siku chache, damu yaweza kuganda miguuni, makohozi hukaa mapafuni, na vidonda hutoka penye mifupa iliyokaribu na ngozi, kama vile kiunoni, nyongani na visiginoni. Ndiyo maana asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi.

Yule muuguzi alitufundisha kwa kumfanya ami afanye kazi mwenyewe. Kwanza alimwambia analotaka kufanya, akangoja ajibu, ndipo akamgusa. Akamtaka akunje magoti na kugeukia upande wake wa kulia, ulio mzima, hali mkono uliopooza umelazwa mbele ya kifua ili usibaki nyuma. Kisha mguu mzima ukatiwa chini ya ule mgonjwa, yote miwili ikasukumwa nje ya kitanda, naye papo hapo akajiinua kwa kiwiko cha kulia. Miguu inaposhuka, uzito wake humsaidia mtu kuinua kiwiliwili, mfano wa mizani. Mikono ya msaidizi, mmoja nyuma ya bega juu ya mfupa wa mgongo na mmoja penye nyonga, ilikuwa ya kuongoza tu. Hakuna aliyemvuta, naye aliketi. Tulitazamana kwa haya.

Hapo yafaa kungoja, na hapa ndipo vijana twakosea zaidi. Mtu aliyelala usiku kucha, hasa akiwa anakunywa dawa za kuteremsha damu, hushukiwa na nguvu ya damu anapoinuka ghafula. Kichwa kikazunguka, macho yakaingia giza, akaanguka. Basi na aketi ukingoni dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, azungumzishwe. Akisema aona kizunguzungu alazwe tena, na ikiwa hali hiyo yarudi kila siku daktari aambiwe.

Katika kusimama, nyayo zote mbili ziwe chini na zirudi nyuma kidogo ya magoti. Mzee ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha asukume kitanda kwa mkono, wala asimshike msaidizi shingoni. Nawe msaidizi simama karibu, upande wake dhaifu, tanua miguu, kunja magoti yako na uuache mgongo wima. Akianza kuanguka usijaribu kumzuia kwa nguvu. Mteremshe polepole mpaka sakafuni, maana ni heri kuketi chini kuliko kuanguka wawili.

Kitanda nacho kina lawama. Cha ami kilikuwa cha kamba, na kamba zimelegea hata katikati pamekuwa kama machela. Hakuna aliye mzima anayetoka humo kwa urahisi, sembuse mgonjwa. Tukakiwamba upya. Kipimo ni chepesi: mzee akiketi ukingoni nyayo zikanyage sakafu sawasawa, na magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kitanda kifupi huinuliwa kwa vipande vya mti vilivyochongwa tundu ili miguu ya kitanda isiteleze. Kirefu, kama vile vya zamani vilivyopandwa kwa kigoda, hapana budi kikatwe, hata kama ni cha urithi!

Jambo jingine ni sitara. Mama mzee akiinuliwa na mwanawe wa kiume, na afunikwe vyema kwanza, na watu waliojaa chumbani watoke. Wala tusijifiche nyuma ya sitara hiyo ili tumwachie mkamwana kazi yote. Tumeona nyumba zenye vijana watatu wenye migongo ya kubeba magunia, na anayemwinua mzee ni mwanamke mmoja mwembamba ambaye naye sasa aumwa kiuno.

Na zipo siku za kutomwinua kabisa. Mzee aliyeanguka, akawa na maumivu ya nyonga, au mguu mmoja waonekana mfupi na umegeuka nje, yamkini amevunjika, asisimamishwe. Kadhalika akiamka na udhaifu mpya wa mkono, au mdomo umekwenda upande, au maneno hayatoki sawa, hiyo ni safari ya hospitali wakati ule ule.

Ami hukimbilia sala ya Alfajiri, na haraka hiyo ilikuwa sehemu ya taabu yetu. Alikuwa akijilazimisha kusimama ilhali sheria imemruhusu asiyeweza kusimama aswali hali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu. Sasa huswali ameketi ukingoni mwa kitanda, kisha ndipo husimama kwa utulivu. Kazi tuliyokuwa tukiimaliza kwa nusu dakika yachukua robo ya saa, basi twamwamsha kabla ya adhana. Bega halijapona sawasawa. Lakini hasemi tena aachwe alale, na siku hizi tukinyosha mikono mapema hutuzuia kwa ule mkono wake mzima: "Ngojeni, sijawaita."